Ukiona Udenda Bandani, Usitoke: Namna ya Kukabili Ugonjwa wa Miguu na Midomo

Niliusikia kabla sijauona. Ilikuwa alfajiri, ndoo ya kukamulia mkononi, taa sijaiwasha bado, nikasikia midomo inachapana gizani: chap, chap, kama mtu aliyeonja kitu kikali akakosa pa kutemea. Kuwasha taa, namwona Tulia, ng'ombe wangu mkubwa, kainamisha kichwa juu ya hori na majani hajayagusa. Udenda unamtoka kama uzi, wenye povu, umefika sakafuni. Mguu wa nyuma anaunyanyua, anaukung'uta, anaushusha polepole, halafu anaunyanyua wa pili.

Nikampigia daktari wa mifugo anayenihudumia, binti mdogo kwa umri lakini kazi anaijua. Nilitegemea aniulize joto la ng'ombe.

"Mzee wangu, umesimama wapi sasa hivi?"

"Hapa bandani, mbele ya ng'ombe."

"Basi baki hapohapo. Usitoke na viatu hivyo."

Nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kutoka. Kabla ya kupiga simu nilikimbilia banda la ndama kuchungulia kama nao wazima, hatua kama thelathini kwenda na thelathini kurudi, kwa buti zilezile zilizokanyaga udenda. Ndiyo maana maelezo haya yanaanza na miguu ya mfugaji. Ya ng'ombe itafuata.

Saa ya kwanza

Kirusi cha ugonjwa huu hutoka kwa mgonjwa kila mahali: kwenye udenda, maji ya malengelenge, maziwa, mkojo, kinyesi, shahawa, hata pumzi. Kikishika kwenye tope la buti, ndoo, kamba, tairi la gari au mikono, kinasafiri nawe. Penye ubaridi na unyevunyevu, hasa ndani ya samadi, kinaweza kukaa hai kwa wiki kadhaa. Punda, farasi, mbwa na kuku hawaugui, kwani ugonjwa ni wa wanyama wenye kwato mbili: ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, nyati na jamaa zao. Lakini mbwa anayezurura kutoka banda hadi banda ni mchukuzi mzuri tu wa kirusi. Mfunge.

Kwa hiyo ukiona udenda na kuchechemea kwa pamoja, simama. Mnyama yeyote asitoke, asiingie, asihamishwe hata kwenda kunywa maji ikiwa maji ni ya wote. Maziwa yabaki. Samadi ibaki. Anayekuja kuchukua maziwa mpigie simu aishie njiani, usimngoje afike mlangoni ndipo umwambie. Wapigie na majirani wenye mifugo. Usiende kuwaambia kwa miguu! Wema huo ndio unaowapelekea ugonjwa. Kisha toa taarifa kwa mamlaka ya mifugo, kwa sababu katika nchi nyingi huu ni ugonjwa ambao sheria inataka utolewe taarifa. Najua wanaoogopa kufanya hivyo. Zipo nchi zinazochinja kundi zima, na zipo zinazoweka karantini na kuchanja wa jirani. Hata hivyo kuficha hakukuokoi, kwa kuwa ng'ombe ishirini wenye udenda hawafichiki, na wakati unaficha, mnyama wako huenda keshamwambukiza wa mwenzio.

Nguo ulizovaa zivue hapo hapo bandani, ziloweke. Teua mtu mmoja tu wa kuhudumia wagonjwa, na mtu huyo asiguse wazima. Kama huna mtu wa pili, anza na wazima kila siku, malizia kwa wagonjwa, usirudi nyuma. Mtu naye anaweza kubeba kirusi puani na kooni kwa muda bila kuugua, hivyo daktari alinitaka nikae siku tatu bila kusogelea mifugo ya mtu mwingine, hata baada ya kuoga na kubadili nguo.

Kutazama mdomoni

Mtazame mmoja, yule anayeonyesha dalili zaidi, kisha acha. Hakuna faida ya kufungua midomo kumi kwa mikono ileile. Vaa glavu. Mshike kichwa, ingiza vidole pembeni mwa mdomo pale pasipo na meno, atafungua mwenyewe. Tazama ulimi, ufizi, na ule ufizi mgumu wa juu mbele ambako ng'ombe hana meno. Halafu tazama kati ya kwato mbili na pale ngozi inapokutana na kwato. Ng'ombe wa maziwa mtazame na chuchu.

Ulimi wa Tulia niliushika kwa kitambaa. Ngozi ya juu ilibaki mkononi mwangu, kipande cha ukubwa wa kiganja, chepesi, cheupe, kama utando wa maziwa yaliyochemka. Chini yake nyama nyekundu mbichi. Alirudisha kichwa nyuma akaguna, na mimi nikaelewa kwa nini hakugusa majani.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hawalifanyi, nalo ni la thamani kuliko dawa yoyote utakayonunua: kusoma umri wa donda. Lengelenge zima lililojaa maji lina siku moja au mbili, na mara nyingi huwahi kupasuka ndani ya saa 24, ndiyo maana wengi hawalioni kabisa. Donda jekundu lenye kingo kali na vipande vya ngozi vinavyoning'inia lina kama siku tatu. Likianza kufunikwa na utando wa manjano na kingo zikawa hazionekani vizuri, hesabu siku nne hadi sita. Kuanzia siku ya saba unaona kovu jeupe. Tafuta donda kuukuu kuliko yote kundini, maana ndilo linalokwambia nani alitangulia kuugua.

Sasa piga hesabu. Tangu kirusi kuingia hadi dalili kutokea ni siku 2 hadi 14. Donda kuukuu kwetu lilikuwa la siku tatu, kwa hiyo kirusi kiliingia kati ya siku ya 5 na ya 17 nyuma. Daktari akaniambia nichukue karatasi niandike kila kilichopita getini ndani ya siku hizo: gari la chakula cha mifugo, mtu wa kupandisha, mbuzi mmoja niliyemnunua, mimi mwenyewe. Nilipofika siku ya 9 kalamu ikasita. Siku hiyo nilikwenda kumsaidia jirani kumvuta ndama aliyekwama, nikarudi nyumbani na buti zilezile. Ng'ombe wake siku ile walikuwa wazima, wanacheua. Baada ya siku mbili wakaanza kutoka udenda, akadhani ni majani makavu yamewachoma midomo, hakusema kitu. Nami sikumuuliza. Mnyama huanza kutoa kirusi siku moja au mbili kabla ya dalili, pengine hata nne, hivyo "walikuwa wazima nilipowaona" si ushahidi wa lolote.

Orodha hiyo inakusaidia pia kujua nani wa kumpigia simu: yule aliyenunua ndama wako siku kumi zilizopita anahitaji kujua leo.

Wanaojificha, na wanaofanana nao

Ng'ombe ni mkweli, akiumwa unamwona. Kondoo na mbuzi ndio wadanganyifu. Wanaweza kuchechemea siku mbili, wakawa na vidonda vidogo mdomoni visivyoonekana bila kutafutwa, wakapona, huku wameshaeneza. Uingereza walilipia hilo mwaka 2001. Ugonjwa ulithibitishwa tarehe 20 Februari, lakini kondoo wenye kirusi walikuwa wamekwisha kupitishwa minadani na kusambaa nchini bila mtu kuwashtukia. Mpaka ulipozimwa, mifugo zaidi ya milioni 6 ilikuwa imechinjwa. Chanzo kilichodhaniwa ni makombo ya chakula waliyopewa nguruwe bila kuchemshwa.

Nguruwe naye ana lake. Mdomo wake huenda usionyeshe mengi, lakini miguu humuuma hadi akapiga kelele, na ganda la kwato linaweza kutoka zima. Halafu anapumua kirusi kwa wingi kupita ng'ombe kwa mbali sana. Mwaka 1981 upepo ulikibeba kirusi kutoka Brittany, Ufaransa, juu ya bahari hadi kisiwa cha Wight, Uingereza, umbali wa kama kilomita 250. Juu ya nchi kavu hakifiki mbali hivyo, lakini ukiwa na nguruwe na ng'ombe karibu karibu, watenge mapema.

Kuhusu magonjwa yanayofanana, nitasema kwa ufupi. Kuoza kwato kwa kawaida hushika mguu mmoja, kunanuka, na mdomo uko salama. Chambavu huvimbisha paja, na ukipapasa unasikia kama hewa inapasuka chini ya ngozi. Yapo pia magonjwa mengine ya malengelenge ambayo kwa macho huwezi kuyatofautisha na huu, hata ukiwa na uzoefu wa miaka. Ndiyo maana daktari huchukua ngozi ya lengelenge bichi na kuipeleka maabara. Mwache aikate, usimwoshe mgonjwa mdomo kwa dawa kabla hajafika.

Dawa ya kuua kirusi, na kosa langu la pili

Kirusi hiki kina udhaifu mmoja mkubwa: hakivumilii uchachu wala ukali wa magadi. Kwa kipimo cha pH, chini ya 6 kinakufa, juu ya 9 kinakufa. Katikati, karibu na 7, ndiko kunakokifaa. Hivyo huhitaji dawa ya gharama. Magadi ya kufulia, yaani sodiamu kaboneti ya unga mkavu, kwa asilimia 4 yanatosha: gramu 400 kwenye lita 10 za maji. Asidi ya sitriki kwa asilimia 0.2 nayo inafanya kazi, gramu 20 kwa lita 10. Asidi ya asetiki, ile iliyomo kwenye siki, hutumiwa kwa asilimia 2.

Mimi siku ya pili, kwa kihoro, niliona moja haitoshi. Nikamimina magadi na siki kwenye beseni moja la kukanyagia mlangoni. Likatoka povu jingi, nikaridhika: povu lile lilionekana kama kazi inafanyika. Daktari alipofika akachovya karatasi ya kupimia pH, akanionyesha rangi. Ilikuwa karibu na 7. Asidi na magadi vilikuwa vimeuana vyenyewe, na mimi nilikuwa nimekitengenezea kirusi bwawa la kuogelea pale pale mlangoni.

"Mzee wangu, chagua moja," akasema, akalimwaga.

Kosa jingine ni la kila mtu: kukanyaga beseni kwa buti lenye samadi. Dawa haipenyi samadi. Sugua kwanza kwa brashi, maji na sabuni, hadi kwenye mifereji ya soli, suuza sabuni yote, ndipo uchovye na usimame humo, usipite tu kama anayeruka dimbwi. Maji ya beseni yakichafuka, badilisha. La kwangu lilihitaji kubadilishwa mara mbili kwa siku, na nilipolifunika lisinyeshewe mvua likadumu zaidi kidogo. Kwenye mikono na ngozi tumia siki au sitriki badala ya magadi, na usimpake mgonjwa magadi makali kwenye vidonda.

Kumuuguza

Sindano ya kuua kirusi hiki haipo. Mwaka 1898 Wajerumani wawili, Friedrich Loeffler na Paul Frosch, walipitisha maji ya malengelenge kwenye chujio lisiloruhusu bakteria kupita, na kilichopita kikaendelea kuugulisha ndama. Ulikuwa ugonjwa wa kwanza wa wanyama kujulikana kwamba unaletwa na kirusi, na tangu hapo hakuna antibayotiki iliyoweza kukigusa. Anayekuuzia "dawa ya miguu na midomo" anakuuzia matumaini. Antibayotiki ina kazi yake pale vidonda vinapoingiliwa na bakteria, kwa maelekezo ya daktari, na siku za kutotumia maziwa zihesabiwe.

Kazi yako ni kumsaidia apite wiki mbili. Maji safi muda wote, karibu naye, asitembee kuyafuata. Majani mabichi laini, yaliyokatwakatwa mafupi. Mabua makavu yaondoe kabisa, ni kama kumlisha kokoto. Tulia siku ya tatu alikataa kila kitu. Nilichomtengenezea ni pumba iliyolowekwa maji ya uvuguvugu hadi ikawa uji mzito, nikamwekea kwenye beseni pana, na badala ya kula kwa ulimi akawa anafyonza kwa midomo. Kwa siku mbili aliishi kwa huo.

Mdomo uoshe kwa maji yenye chumvi kidogo au baikaboneti, kwa upole, kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Usisugue. Miguu ioshe, ikauke, mpe sakafu kavu yenye matandiko na kivuli. Zuia nzi, kwani funza kwenye donda la kwato ni balaa juu ya balaa. Anayenyonyesha au anayekamuliwa mkamue hata kama chuchu zinamuuma, maana maziwa yakibaki kiwele kinavimba na robo moja inaweza kufa moja kwa moja. Mkamue mwisho, kwa chombo chake. Maziwa hayo yamwage kwenye dawa kabla ya kuyatupa.

Kuna wanaochukua udenda wa mgonjwa na kuwapaka wazima midomoni ili "waugue wote tumalize". Naelewa hesabu yao, karantini inaisha mapema. Lakini hujui ndama wangapi utawaua, na pamoja na kirusi hicho unapaka na chochote kingine kilichomo kwenye udenda ule.

Ndama ndio walionivunja moyo. Ng'ombe mkubwa ni nadra kufa kwa ugonjwa huu. Kwa ndama, vitoto vya nguruwe na wana-kondoo kirusi hushambulia msuli wa moyo, nao hufa wengi, mara nyingi bila lengelenge hata moja. Nilikuwa na wawili. Mmoja, siku ya sita asubuhi, alisimama kunyonya chupa, akapiga mafunda matatu, akaanguka ubavu. Basi. Daktari alimpasua nikiwa nimesimama hapo, akanionyesha moyo: michirizi ya kijivu na njano juu ya nyekundu, kama mgongo wa chui milia. Sijui kama niliwapelekea kwa zile hatua thelathini au kwa maziwa ya Tulia niliyowapa jioni ya kabla yake. Vyovyote, kirusi kilipitia mikononi mwangu. Ndama watenge mapema, wahudumiwe na mtu wao, na maziwa wapewe yaliyochemshwa hadi kuchemka kweli, ya ng'ombe wasio na dalili.

Nyumbani wataniuliza tu, na wewe utaulizwa: watoto wataambukizwa? Binadamu kuugua ni jambo adimu sana na huwa jepesi. Ule ugonjwa wa watoto wa vipele mikononi, miguuni na mdomoni unaletwa na virusi vingine kabisa, na ng'ombe hahusiki.

Chanjo

Kirusi kina aina saba: O, A, C, Asia 1, na SAT 1, 2 na 3. Aina C haijaripotiwa popote tangu 2004. Kinga ya aina moja haimlindi mnyama dhidi ya nyingine, kwa hiyo "wangu walishaugua, hawaugui tena" ni maneno ya kujifariji, na chanjo isiyo na aina inayozunguka eneo lenu ni maji tu. Uliza kabla ya kulipa: ina aina zipi? Mnyama anayechanjwa mara ya kwanza anahitaji dozi mbili zilizopishana wiki tatu au nne, kisha nyongeza kila baada ya miezi minne hadi sita kutegemea hatari iliyopo. Wengi huchanja mara moja, wakakaa mwaka, wakalaumu chanjo. Inahifadhiwa nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda imeharibika hata kama ikiyeyuka inaonekana sawa. Mchanjaji naye ana buti: mwoshe kama unavyojiosha wewe, na kila mnyama apate sindano yake.

Mnyama mpya, awe na cheti au asiwe nacho, mtenge angalau siku 21, mbali na pua za wenyeji, chombo chake, ufagio wake.

Baada ya kupona

Vidonda vya Tulia vilifunga ndani ya wiki mbili. Maziwa hayakurudi yalipokuwa, robo moja ya kiwele ilibaki ngumu. Baadhi ya waliopona hubaki na manyoya marefu na kuhema kwa shida jua likiwaka, wapangie kivuli. Kirusi chenyewe kinaweza kubaki kooni mwa ng'ombe aliyepona kwa miaka, hata mitatu na zaidi, kwa hiyo usikimbilie kumuuza au kumchanganya na kundi geni kabla karantini haijaondolewa rasmi.

Kwato ndizo zinazoweka kumbukumbu. Pale juu ngozi ilipobanduka, kwato mpya ilianza kuota chini yake ikaacha mfereji wa kukatiza, kwa Tulia kwenye kwato zote nane. Kwato ya ng'ombe hukua kama milimita 5 kwa mwezi, hivyo mfereji unashuka taratibu na unachukua mwaka na zaidi kufika ncha. Tangu hapo nikienda kununua ng'ombe, siangalii kiwele kwanza. Namwomba mwenye mali maji, naosha kwato, nachuchumaa na rula. Mfereji ulio sentimita tatu chini ya ngozi, kwenye miguu yote minne, ni wa miezi sita hivi. Nauliza kilitokea nini miezi sita iliyopita, kisha nasikiliza anavyojibu.